Maji Yaliyozoleka

Mimi ni fundi wa vioo tu. Nasugua kwatzi
mpaka iwe nyembamba kama ukucha wa mtoto.
Daktari Hilppa ndiye mwenye swali:
dunia ikikunyang'anya kitu, hukumbuka ilichokunyang'anya?

Turku, Februari. Mto umeganda mpaka darajani.
Ndani, kwenye meza isiyotikisika,
anatuma fotoni, moja baada ya nyingine:
hii imeinama kulia, ile imeinama kushoto,
ndugu wa tumbo moja
ambao mama yao angewatofautisha hata gizani.

Anazipitisha kwenye vioo vyangu.
Hakuna jasusi nje ya chumba. Rangi ya mwanga wenyewe
ndiyo mbea, ndiyo inayoitawanya siri.
Kioo cha kwanza: tofauti yao, tisini na tano kwa mia.
Cha nne: sitini.
Cha tisa: kumi na mbili, na mama angekwishapapasa nyuso.

Ndivyo tulivyolelewa. Maji yakimwagika hayazoleki.
Kikombe hakimjui mnywaji wa jana.

Kioo cha kumi na moja:
kumi na tisa.

Akasimama. Akakaa.
Hakushangilia. Aliniita, nami nilikuwa koridoni
na mkate mweusi mdomoni,
nikatazama kile kinundu kwenye mchoro
nikasema, "Ni mlango huo."

Na kweli. Saa nne usiku Bi Valdonė alifungua apige deki,
joto la koridoni likaingia, meza ikapumua
pumzi moja, chini ya unene wa unywele.
Usiku mzima, kazi bure.
Tukabandika karatasi: Tafadhali usifungue.
Kesho yake tukabandika nyingine, herufi kubwa zaidi.

Tukaanza upya, kioo kwa kioo.
Sitini. Thelathini na moja. Kumi na mbili.
Cha kumi na moja: kumi na sita.

Tukarudia siku nne. Kumi na sita,
nusu juu, nusu chini.
Basi tatu zilikuwa za mlango.
Nne zilikuwa za mwanga.

"Nne zetu," nikasema.
"Si zetu, Ahti. Ni zao. Wamerudishiwa."

Asubuhi Bi Valdonė alikuja na ndoo,
akasimama nje ya kizingiti, amenuna kwa ajili ya zile karatasi,
akauliza tumepata nini cha maana hivyo.
Hilppa akahangaika na maneno:
tuseme umwage ndoo yako mtoni,
halafu mto, bila kuombwa,
ukurudishie kikombe kimoja.

"Maji yaleyale?"

Hilppa akafungua mdomo. Akaufunga.
Akanitazama mimi, fundi wa vioo,
kama kwamba jibu lingekuwa mfukoni mwangu
pamoja na makombo ya mkate.

Bi Valdonė akapiga deki mpaka kizingitini,
hata shubiri moja hakuvuka.
Nyuma yake daftari lilikuwa limeshafunguliwa,
na kalamu ilikuwa ikitafutwa.