Maji Yatokayo Juu

Kwetu Kadutu nyumba zimepandana mabegani,
na mfereji mmoja hutupitia sote.
Utotoni nilikaa kizingitini nikiusoma:
povu la sabuni, Mama Cibalonza anafua;
maji mekundu ya maharagwe, kwa Buhendwa kuna mgeni;
rangi ya buluu, kitenge kipya, cha bei rahisi.
Siku moja ulipita udongo,
kidogo tu, kama ugoro wa kubana kwa vidole viwili.
Hakuna aliyeinua macho.
Usiku wa tatu mlima ukashuka na nyumba nne.

Sasa navaa glavu. Kazi ni ileile.
Kipande cha plastiki, hakizidi kibiriti,
na ndani yake mifereji myembamba kuliko unywele.
Nachoma kidole, nafinya tone.
Damu haisukumwi, yajivuta yenyewe
kama mafuta ya taa yanavyoupanda utambi.
Kingoni vimepandwa vinasa,
kila kimoja kinajua sura moja tu,
kama mwenye duka amjuavyo mdaiwa wake
katikati ya soko la Jumamosi.
Chembe nyekundu zapita. Mafuta ya makayabu ya jana yapita.
Hofu nayo yapita, haijatengenezewa mtego.
Tunachotafuta ni punje ya chumvi
iliyotupwa ziwani hapa Bukavu,
nawe uionje ukiwa Goma.

Mama yangu alihamisha fundo la kitenge
mwezi baada ya mwezi.
Tukasema amenenepa. Tukampongeza!
Shangazi akaleta hata kuku.
Daktari alipolitazama lile tumbo
alikuwa kama mtu aliyefika na koleo
asubuhi, mlima ukiwa umekwisha kulala.

Leo saa nne umeme umekatika.
Betri ya pikipiki imetushika mkono.
Na katika kipande cha kumi na saba, mstari:
hafifu, mkwaruzo wa ukucha kwenye ngozi kavu.
Nimekitupa. Nimechukua kingine, tone jingine.
Mstari umerudi, bila haraka,
kama mtu anayejua anuani.

Mstari hausemi saratani.
Umewahi kudanganya, na utadanganya tena.
Unasema tu: panda juu ukatazame.

Nsimire yuko mlangoni, beseni la sambaza kichwani,
shavu lake linang'aa, mikono yake yaweza kubeba gunia.
«Dada, niambie upesi, samaki hawangoji.
Mimi siumwi. Nilikuja kwa sababu wenzangu walikuja.»

Namtua beseni. Namvutia kiti.
Maneno yote ninayoyajua ni mazito mno
au mepesi kama uongo.
Juu ya mabati mvua imeanza kuhesabu.
Nyuma ya ukuta nasikia mfereji ukiamka.

«Mama Nsimire,» namuuliza,
«kwenu, maji hupita wapi?»