Hesabu ya Kiti cha Mbele

Mnaoniuliza kama inalipa,
ngojeni kwanza nivae miwani, nifungue daftari.

Tofauti ya bei, Dubai mpaka Guangzhou,
kati ya kiti changu na cha Semeni: milioni kumi na mbili.
Saa za angani: saba na nusu.
Gawanya. Mimi nimegawanya mara tatu,
kwa kalamu, kwa kikokotoo, na kwa mdomo huku napanga majora:
milioni moja na laki sita kwa saa.
Kadege, kijana wangu wa dukani, Mtaa wa Mchikichi,
ambaye ndege huziona zikipita tu juu ya Kariakoo,
namlipa laki mbili kwa mwezi.
Kwa hiyo nilipojinyoosha nikasinzia saa moja,
ilikuwa miezi minane ya Kadege inakoroma.

Lakini msinihukumu, hamjaliona goti langu.
Safari ishirini na mbili nimekaa nyuma, jirani na choo,
nimekunjwa kama doti ya kitenge ndani ya nailoni,
Semeni kulia kwangu, jina na tabia, hanyamazi,
akinimegea kashata aliyoificha kwenye khanga,
akinisimulia wateja, wakwe, na mweka hazina wa kikoba
mpaka jua linatukuta juu ya Uchina.
Daktari aliligonga goti, akacheka:
"Mama Nakijwa, hili limekuzidi umri."
Nikasema basi. Mwaka huu natimiza sitini.
Mara moja tu. Nione wenye nacho wanasafiri na nini.

Wanasafiri na kimya.
Hicho ndicho kinachouzwa kule mbele, mengine ni nyongeza:
kitanda kinacholala bapa kama meza ya fundi cherehani,
kitambaa cha moto cha kujifuta uso,
pajama za kijivu, slipa,
mhudumu anayelitamka jina la babu yangu vibaya, kwa heshima zote.
Nyama ilikuja na uma tatu. Nikatumia moja.
Tulikuwa watu watano.
Nilipoingia nilisema "hamjambo",
ikabaki pale hewani kama chenji isiyo na mwenyewe.
Halafu lile pazia. Nililipapasa: polista nyepesi,
dukani kwangu ingetoka elfu nne kwa mita.
Nyuma yake alikuwa Semeni.

(Dar mpaka Dubai tulikaa pamoja, kweli,
lakini ilikuwa mchana, na mchana Semeni hulala.)

Guangzhou, foleni ya uhamiaji,
ambayo haijui nani alilala na nani alikesha,
kijana mmoja wa Lubumbashi akanisogelea:
"Mama, mimi ndiye nilihamia kile kiti pembeni ya mwenzako.
Pole kwa habari yake. Usiku kucha alikuwa ananieleza."
Habari gani?
Kwamba fremu ameshaikabidhi.
Kwamba safari hii ni ya kuaga.
Kwamba neno lile amelibeba tangu Dar,
akingoja tufike juu, taa zizimwe, kashata itoke,
ndipo anipe.
Kashata akaila mtu wa Lubumbashi.

Daftari langu lina safu mbili, mapato na matumizi.
Hili sijui niliandike wapi.
Goti linasema pesa ile ilikwenda kihalali,
wiki nzima halikuniuma, na goti si mwongo.
Semeni hakunilaumu. Aliniuliza tu,
"Ulilala?"
Nikamjibu, nililala.

Zile pajama sikuzivaa.
Nilimpelekea kwake Tandika, bado ziko kwenye mfuko wake.
Akazipima kifuani, akacheka, akanirudishia:
Dar hii, Februari hii,
nani wa kuvaa mikono mirefu?