Daftari la Kuzima

Jumatatu: imezima Tazara, kitanda cha sita kwa sita mgongoni,
honi nyuma yangu kama msafara uliokosa bi harusi.
Jumatano: imezima Vingunguti.
Ijumaa haikuzima.
Jumamosi tena, Kipawa, na trafiki akaniuliza
kama nimepaki au nimekufa.

Naandika kwenye daftari la Mwajabu, darasa la tatu,
nyuma ya hesabu zake za kuzidisha,
kwa kuwa mafundi wanne wameshanila.

Wa kwanza, Gerezani, alisema plagi.
Akazitoa, nyeusi kama meno ya mvuta kiko,
akaweka mpya. Ikanguruma vizuri mpaka Chang'ombe.
Wa pili akasema koili.
Wa tatu, kijana wa mzee Shomvi,
alifungua kabureta juu ya gazeti,
akapuliza kila kitundu kwa mdomo,
akatema petroli, akasema,
"Mjomba, hii ni safi kuliko roho yangu."
Wa nne hakufungua kitu. Aliisikiliza tu
ikitetemeka pale, inamisi, inajikwaa,
akasema: uza.

Uza! Datsun iliyobeba makochi ya Keko
tangu Mwajabu hajazaliwa,
na usiku wa kuzaliwa kwake ikambeba mama yake
amelala kati ya makabati mawili ya watu.

Kuzima kwake kuna adabu. Haikati ghafla.
Kwanza inapungukiwa, kama mtu anayetafuta neno.
Naikanyaga, inaitika kidogo,
inakohoa mara mbili, halafu kimya,
na kimya cha gari katikati ya Barabara ya Nyerere
kina kelele nyingi sana.
Nikingoja dakika kumi inawaka
kama si yeye.

Jana umeme ulikatika. Nikasoma daftari kwa tochi ya simu.
Pembeni ya kila siku nilikuwa nimeandika mafuta,
si kwa akili, kwa uchungu wa hela.
Jumatatu, nimejaza. Imezima.
Ijumaa, elfu tano. Haikuzima.
Elfu tano, elfu tano, elfu saba:
Gongo la Mboto na kurudi, hata chafya hakuna.
Nikijaza tu, inanifia.

Sijapata kuona chombo kinachougua shibe.

Nikatoka na msuli tu. Tangi lilikuwa limejaa,
advansi ya mteja wa Ukonga.
Nikaiwasha, nikaiacha ingurume mpaka jirani akagonga bati,
mpaka ikaanza kutafuta neno lake.
Hapo nikazungusha kifuniko cha mafuta.

Tangi likavuta pumzi.
Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyeondolewa mto usoni.
Injini ikakaa sawa.

Basi ni mimi.
Mwezi wa Ramadhani mteja wa Mbezi alirudisha kochi la velveti,
linanuka petroli.
Kifuniko chenyewe kiliibwa zamani, nilikuwa na hiki cha kuokoteza.
Nikachukua mkasi wa mke wangu, nikakata tyubu ya baiskeli,
nikaziba kila mwanya, nikajisifu.
Hakuna harufu iliyotoka tena.
Hakuna hewa iliyoingia.
Na mimi, niliyelelewa dukani,
ninayejua kopo la maziwa hutobolewa matundu mawili,
moja la kumimina, moja la kuruhusu.

Sikudhani akaja mlangoni na mshumaa. "Umeujua ugonjwa?"
Nikasema nimeujua.
Sikusema ni nani.

Nikapasha msumari kwenye mkaa wa chai, nikatoboa.
Tundu la sisimizi, naye apite kwa kujibana.

Leo: Keko mpaka Pugu, tangi limejaa,
meza ya watu wanane na viti vyake. Haikuzima.
Asubuhi bado inamisi kidogo, silinda ya tatu nadhani.
Hilo lina ukurasa wake.

Mwajabu amelidai daftari.
Kuna saba mara nane amekosea, hamsini na nne.
Nimeiona, nimenyamaza.
Mwenyewe ataisikia ikigonga.