Bwana Koti

Mundhir kaniwekea kompyuta yake mapajani,
ina moto kama mtoto mwenye homa,
kaniuliza, "Bibi, si huyu uliyekuwa ukimsema?"

Ndiye. Ndiye wallahi, Bwana Koti,
askari kanzu wa nchi ya theluji,
anashuka garini, anakung'uta mabega,
anawasha sigara asiyoivuta.
Koti kumbe la kijivu.
Sisi Kikwajuni nzima tuliapa ni la zambarau,
maana televisheni ya mtaa ilikuwa na rangi zake yenyewe,
ikikaa ndani ya kabati la chuma
na ufunguo uko kwa katibu wa tawi.

Alhamisi baada ya isha tukija na mikeka,
na ndoo za kupindua, na watoto wa kulala magotini.
Hapana aliyejua Kiingereza ila Feruzi, karani wa bandarini,
na hicho chake kilikuwa cha makasha na uzani,
cha "hili limevunjika", "hili halina mwenyewe".
Lakini akisimama pembeni ya kioo na rula yake
midomo ya Wazungu ilikuwa yake yote:
akikohoa kwa mzee, akilia kwa mjane,
akimsemea hata mbwa.

Kwa ulimi wa Feruzi
kila aliyechukuliwa usiku
alikuwa amesharudi kwao kabla ya taarifa ya habari.
Bwana Koti akimwinamia mama wa mshitakiwa:
"Mama, usilie. Mwanao nitakuletea mwenyewe, kwa mkono wangu."
Tukapiga makofi, tukatafuta viatu vyetu gizani,
tukaenda kulala.

Sasa Mundhir ananisomea maandishi ya chini,
haraka haraka, kama anayesoma risiti.
Yule mama yuko pale pale, kwenye benchi la kituo,
mkoba juu ya magoti.
Bwana Koti anainama. Nangoja.
"Funga mlango," anasema, "baridi inaingia."

Basi.
Miaka hamsini kasoro, kumbe ni mlango.

Sehemu ya nne ndiyo iliyonimaliza.
Kijana muoka mikate, yule mwenye kidevu cha kike,
Feruzi alimwoza:
kengele, maua, watu na suti zao nyeusi mbele ya kanisa,
na sisi tutajuaje mambo ya kanisani?
Bi Mafunda alipiga kigelegele mpaka paka wakaruka.
Mundhir anasoma: alikutwa amekufa mahabusi.
Tulimpigia vigelegele maiti.

"Bibi, huyo Feruzi wenu alikuwa mwongo?"

Nikaviona viatu.
Vya ngozi, vya kahawia, mlangoni kwa Feruzi,
saizi si yake,
vikipakwa dawa kila Ijumaa, ncha zikitazama ndani
kama vya mtu aliyeingia sasa hivi.
Vya Machano, mdogo wake,
aliyeitwa jioni moja kwenda kujibu suala dogo,
akatoka na ndara, akisema chai isipoe.
Tulikuwa tukiviruka tukienda kuomba chumvi.
Hapana aliyeuliza. Kuuliza nako kulikuwa na bei yake.

Mita ya umeme inalia, imeanza kudai.
"Niondolee hayo maandishi," namwambia, "na sauti."
"Sasa utafahamu vipi?"
"Rudisha pale kwenye benchi."

Theluji inaanguka bila ya kelele.
Bwana Koti anainama, anafungua mdomo,
nami sina rula, nina kijiko cha uji,
sina Kiingereza hata cha makasha.
"Mama," nasema,
sauti nzito, ya kiume, mpaka Mundhir anacheka,
"ondoka hapo kwenye baridi. Nenda kateleke chai.
Viatu vyake viache pale pale mlangoni.
Yuko njiani."