Gidamu ya Kushoto

Mimi Nashuhi, mshona makubazi.
Nililetwa kutoka Harani pamoja na mbuzi na magodoro,
na sijui kama nilihesabiwa kabla yao au baada yao.
Mungu sikumwona. Hilo lijulikane mapema.
Nilichokiona ni viatu.

Miaka ishirini nilimshonea bwana,
na ngozi haijui kusitiri:
makubazi yake yaliisha mbele, vidoleni,
kama ya mtu alalaye tayari kukimbia.
Alikimbia kwao. Akakimbia kwa mkwewe.
Walimpa jina la kisigino siku aliyozaliwa,
nami nilicheka moyoni kila nikimpima mguu,
maana kisigino ndicho asichokikanyagia.

Kisha kivuko.
Habari ilitufikia: kaka yake yuko njiani, na watu mia nne.
Bwana akaugawa woga wake mafungu mafungu,
mbuzi kwanza, kondoo, ngamia wenye kunyonyesha,
kila kundi na mchungaji wake, na salamu ya kukariri.
Usiku ulipoiva, wake. Watoto. Sisi.
Maji yalinifika kiunoni, maharazi yangu kichwani ndani ya kiriba,
nikageuka: yeye yuko ng'ambo, peke yake,
mtu aliyetanguliza vyote isipokuwa nafsi yake.

Sikulala. Nilisikia changarawe zikiburutwa,
pumzi za watu wawili, au za mmoja na mwangwi wake.
Mbwa walinyamaza.
Hilo ndilo lililonitia baridi.

Jua lilipochomoza akaja nalo,
akichechemea.
Matope hadi masikioni, joho limechanika begani,
kubazi la kushoto mkononi.
Niliishika ile gidamu iliyokatika.
Uchakavu hukata uzi mmoja mmoja, kazi yangu inanifunza;
hizi zilikuwa zimeachia zote kwa pamoja,
kama vidole vya mtoto aliyepitiwa na usingizi.

"Nani amekuumiza, bwana?"
"Nilimuuliza jina," akasema,
"akanipa langu."
Nikadhani ni homa.

Wengine walisema ni mnyang'anyi.
Attarhami mpishi aliapa ni pepo wa mto, achukiaye mapambazuko.
Mimi nisichokijua sikijui.
Ila niliona alivyopita katikati yetu asubuhi ile,
akawapita watoto, akawapita wake zake,
akaenda mbele,
mguu mmoja ukiandika mchangani, wa pili ukifuta,
akainama mara saba kumwelekea kaka yake,
na kila alipoinuka nilijishika nyonga mimi
kwa maumivu yasiyokuwa yangu.
Wale wawili wakalia shingoni mwa mmoja na mwenzake.
Nikatazama pembeni. Mtumwa hujifunza kutazama pembeni.

Sitaki kumpamba.
Siku ile ile alimwambia kaka yake, "Tangulia, nitakufuata,"
kisha akatupitisha njia nyingine.
Na kati ya wanawe alipendelea mmoja, waziwazi,
hata punda walijua.
Kubazi lililoshonwa upya lina ngozi ile ile ya zamani,
na matundu ya sindano juu yake.

Lakini alianza kulala chali,
mikono wazi, kama mtu aliyekwisha kulipa.
Na jina lile jipya, ambalo sisi watumishi tulilisahau kila mara,
aliliitikia polepole,
kana kwamba linatoka mbali na lazima lingojwe.

Siku hizi tukichinja, tunachomoa mshipa wa pajani
na kuutupa. Watoto huuliza kwa nini.
Wenye elimu huwaeleza kwa kirefu.
Mimi huenda kapuni, nikaleta kubazi lake la kushoto,
nikawapa walipindue wenyewe, waguse:
soli imeliwa nyuma, kisiginoni,
pale pale ambapo kwa miaka ishirini
palikuwa papya.