Filamu za Mwaka wa Mvua

Usiku wa kufunga mwaka wa tisini na saba,
Webuye ikinuka kiwanda kama kawaida
(mayai viza; sisi tulishazoea, wageni ndio waliotema mate),
Khaemba mwenye ukumbi alifuta bei mlangoni,
akashika chaki:
leo tunaandika filamu iliyokuwa muhimu kuliko zote.
Moja. Si mbili.

Benchi zilikuwa sita. Mimi nilikaa chini
na kijiti changu cha kurudishia kanda,
maana mashine ilikataa kurudisha tangu Juni
na mkono wangu ndio uliokuwa injini.

Sitati wa zamu ya usiku hakungoja.
Ile ya kiwete aliyepanda mnara!
Akasimama atuonyeshe: mkono mmoja juu,
teke moja, majambazi watatu chini.
"Wawili," akasema Munyasia. "Wa tatu aliteleza mwenyewe."

Moto ukawaka.

Munyasia alikuwa karani, hata kicheko alitaka kiwe na risiti.
Yeye alisimama na ile ya Kihindi, ya mapacha na kisima:
saa tatu nzima, na mwalimu Wangwe alilia
akasingizia moshi.
"Tamu ile, sikatai. Lakini tamu si muhimu.
Sukari ni tamu. Chumvi ndiyo muhimu."
"Na kiwete wako ana chumvi gani?"

Majina yake halisi hatukuyajua.
Tuliziita kama tuitavyo ng'ombe:
kwa rangi, kwa pembe, kwa kovu.

Wangwe akauliza, muhimu kwa nani?
Akaitaja ile ya serikali, iliyoonyeshwa uwanjani ukutani mwa shule,
ya dumuzi anavyokula mahindi.
Walicheka hadi benchi moja ikaanguka.
Dumuzi alikuwa ghalani mwa nusu ya waliocheka.

Ndipo sauti ikaja kutoka nje, kupitia mabati.
Nasambu, wa njugu.
"Mimi sijaona hata moja. Nimezisikia zote.

"Ni ile ya Agosti, stima ilipopotea.
Mwanamke amefika mlangoni na barua,
nilisikia viatu vyake, nikasikia vikisimama,
halafu pu, kimya.
Hakuna aliyedai pesa zake.
Mlikaa gizani mkaimaliza kwa midomo.
Wewe Sitati ulisema afungue, amkute mumewe hai.
Munyasia ukasema nyumba ni tupu, wamehama na deni.
Na Barasa akasema..."

Sitati alikaa chini polepole.

"Barasa akasema, asifungue.
Asimame hapo hapo na barua yake.
Maadamu hajafungua, kila mtu ndani bado yuko."

Mvua ya Novemba ilikuja na homa,
homa ikapita nyumba kwa nyumba,
na kwa Nasambu haikubisha hodi.

Hakuna aliyemjibu. Njugu zilikuwa zikipoa kwenye karai.
Munyasia, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo,
akauliza: tuandike jina gani?
Khaemba aligeuza chaki mara mbili vidoleni,
kisha akachora komeo,
komeo tu, mlangoni mwake mwenyewe,
mahali palipokuwa na bei.

Kufikia asubuhi manyunyu yalikuwa yameilamba chaki.

Sijamwambia mtu hili.
Usiku ule wa Agosti stima ilirudi alfajiri,
dakika chache, zikatosha kuitoa kanda,
nami nikatumwa kuirudisha kwa mkono
kabla ya basi la Kisumu, ilikokodiwa.
Nilizungusha kijiti, mwanamke akarudi nyuma,
akashuka ngazi, akaivua kofia, akawa msichana.
Lakini upande wa pili, ule tusiouona,
haukuhitaji kurudishwa. Haukuwa umekwenda popote.
Ulikaa pale umejikunja, mweusi, unang'aa,
nami nikaupima kwa kidole gumba:
unene wa sarafu ya shilingi tano.
Mashine ilikuwa wazi. Taa ilikuwa inawaka.

Nikaifunga kanda kwa gazeti, nikakimbilia basi.