Ndege Isiyojua Ilipo

Miaka kumi na moja natandaza vigae.
Nazijua sakafu za Nairobi kwa magoti:
marumaru ya Kileleshwa, saruji ya South B,
choo cha benki moja ambacho ufa wake
ulinifuata hadi usingizini.
Nilitaka, mara moja tu, kuuona mji huu bila kuinama.
Nikainunua Luthuli, kwa Fazal,
kidogo kidogo, miezi saba, kama mahari.

Siku ya kwanza haikuwaka.
Nikabonyeza, nikashikilia, nikabonyeza.
Fazal akacheka kwenye simu: "Musyimi, betri imelala.
Huletwa zimelala, zisije zikashika moto njiani.
Ichomeke, usiiguse hadi asubuhi."
Saa mbili usiku stima zikapotea Pipeline nzima.
Tukalala gizani sote watatu:
mimi, betri, na salio la deni.

Siku ya pili taa nne zikakonyeza.
Programu ikataka simu mpya kuliko yangu.
Nikaazima ya Nafuna, binti wa jirani, kidato cha pili,
akapanda nami hadi juu ya ghorofa ya saba,
pekupeku, kijitabu mkononi.
Ikataka barua pepe.
Ikataka neno la siri lenye herufi kubwa, tarakimu na alama.
"Weka jina la mchumba wako na alama ya kuuliza," akasema,
naye alijua anachosema.
Ikataka namba ya uthibitisho.
Ujumbe haukuja.
Ulipokuja, muda wake ulikuwa umekwisha.
Tukaomba mwingine. Bando likaisha.
Nikashuka ghorofa saba kununua bando,
nikapanda ghorofa saba.
Wifi ya droni ikachungulia, ikazama
kati ya wifi kumi na tisa za majirani,
moja ikiitwa Lipa Kwanza.

Kisha dira.
"Zungusha kifaa mbali na vyuma," Nafuna akasoma.
Mbali na vyuma!
Na nondo zimechomoza kila pembe, zikingoja ghorofa ya nane,
na nyaya za kuanikia, za stima, za nani sijui.
Nikaishika kifuani, nikazunguka.
Nikaisimamisha wima, nikazunguka tena.
Mama Nafuna, vibanio mdomoni,
akanitazama kama mtu anayeombewa.
"Imekataa. Rudia."
Nikarudia hadi matangi ya maji yakaanza kuzunguka yenyewe.
Kumbe yenyewe bado ilijiona kiwandani,
bado ndani ya boksi, bado njiani.
Nikaihurumia. Hata mimi, mwezi wangu wa kwanza hapa,
nilipanda ngazi za jengo la pili
nikahangaika na kufuli lisilo langu.

Siku ya tatu tukaitoa pembeni,
juu ya ndoo ya plastiki iliyopinduliwa.
Setilaiti tatu. Sita.
Nafuna akihesabu kwa sauti, kama mwenye harusi anayehesabu wageni.
Kumi na moja.
Taa ikageuka kijani.
"Imejua tulipo!" nikasema.
Nafuna hakujibu. Alikuwa akisoma, mara ya pili.
"Imejua," akasema. "Ndiyo maana haitaki.
Tuko karibu mno na uwanja wa ndege."

Na hapo hapo, kama shahidi aliyeitwa,
ndege ya mizigo ikapita juu yetu,
magurudumu nje, tumbo jeupe,
shuka zote zikatetemeka kwenye kamba.
Yenyewe haikuulizwa neno la siri.

Siku tatu naibembeleza itambue ilipo.
Ilipotambua, ikakaa kitako.
Kuna fomu ya kibali, Nafuna anasema, kurasa nne,
na kuna uwanda mpana huko Isinya,
na nauli, na Jumapili isiyo na kazi.

"Kama haipai," Mama Nafuna akasema, "nipe ndoo yangu."
Nikampa.
Nikaikumbatia droni kwapani, taa bado kijani,
nikapiga magoti, mazoea tu,
kumwokotea vibanio vilivyoanguka.